Kutazama na Kusanifu: Ujifunzaji wa Swift ya Kiwango cha Juu na Usanifu wa Programu Tumizi kwa Masomo ya Video

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna masomo ya video yanavyotumika kujifunza Swift ya kiwango cha juu pamoja na usanifu wa programu tumizi za simu. Hoja kuu ni kwamba usanifu wa programu ni maarifa ya kuamua, ilhali video kwa asili yake humwonyesha mtazamaji maamuzi yaliyokwisha kufanywa. Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kutazama kwa saa nyingi, akaelewa kila mstari wa msimbo, na bado asiweze kuusanifu mfumo wake mwenyewe. Kwa kurejelea kozi na mifululizo ya video inayofahamika, tafiti za ujifunzaji, na mfano wa programu ya kikundi cha kuweka na kukopa, makala yanabainisha kile ambacho video hufundisha vyema, kile inachokificha, na masharti yanayoifanya iwe karakana ya kweli kwa mwanafunzi.

1.0 Utangulizi

Lugha ya Swift ilitangazwa na kampuni ya Apple tarehe 2 Juni 2014, baada ya Chris Lattner kuanza kuibuni mwaka 2010. Tarehe 3 Desemba 2015 msimbo chanzo wake ulifunguliwa kwa umma, na lugha ikaanza kutumika pia katika mfumo wa Linux. Tangu mwanzo, sehemu kubwa ya mafunzo yake imepitia video. Apple hutoa mihadhara ya mkutano wake wa kila mwaka wa waundaji programu, WWDC. Chuo Kikuu cha Stanford kimekuwa kikiweka wazi mihadhara ya kozi yake ya CS193p inayofundishwa na Paul Hegarty. Aidha, wataalamu huru wameanzisha mifululizo yao, ikiwemo Swift Talk ya kundi la objc.io, iliyoanza mwaka 2016, na Point-Free ya Brandon Williams na Stephen Celis, iliyoanza mwaka 2018.

Kwa mwanafunzi aliye mbali na ofisi zinazounda programu kubwa, video hizi mara nyingi ndizo dirisha pekee la kumwona fundi mzoefu akiwa kazini. Hana mtu wa kuketi naye, wala wa kumkosoa msimbo wake. Hivyo basi, swali la kile ambacho video inafundisha na kile isichofundisha si dogo. Programu za simu leo hutunza fedha za watu, kumbukumbu za wagonjwa na matokeo ya wanafunzi. Kasoro ya usanifu katika programu ya namna hiyo haimwathiri muundaji peke yake. Huwafikia watu ambao hawajawahi kusikia jina la Swift.

2.0 Maana ya Kiwango cha Juu

Ujuzi wa Swift unaweza kugawanywa katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni sarufi ya lugha: vigeu, masharti, mizunguko na vitendaji. Ngazi ya pili ni mifumo ya ndani ya lugha: tofauti kati ya aina za thamani na aina za rejeleo, itifaki, aina jumuishi, na utendaji sambamba. Ngazi ya tatu ni usanifu, yaani namna ya kuzipanga sehemu za programu ili iweze kubadilika bila kuvunjika.

Usanifu wa programu tumizi, kwa jinsi unavyojadiliwa katika makala haya, hujibu maswali matatu. La kwanza, data inakaa wapi na nani ana ruhusa ya kuibadilisha? La pili, habari ya mabadiliko inasafirije kutoka inapozaliwa hadi kwenye skrini? La tatu, sehemu ipi inajua kuwepo kwa sehemu ipi? Ruwaza zote zinazotajwa katika masomo ya Swift ni majibu tofauti ya maswali haya. Ruwaza ya MVC, inayotenganisha modeli, mwonekano na kidhibiti, ilibuniwa na Trygve Reenskaug katika maabara ya Xerox PARC mwishoni mwa miaka ya 1970. Ruwaza ya MVVM, inayoweka modeli ya mwonekano kati ya data na skrini, ilielezwa na John Gossman wa Microsoft mwaka 2005. Usanifu uitwao The Composable Architecture, unaokusanya hali na vitendo vya programu katika mtiririko mmoja, ulitolewa na waanzilishi wa Point-Free mwaka 2020.

Orodha hiyo inaonyesha jambo muhimu: ruwaza mbili kati ya hizo zilizaliwa kabla ya Swift kuwepo. Kilichozifanya zidumu si msimbo wake, bali tatizo ambalo kila moja ilikusudia kulitatua. Mwanafunzi anayejifunza ruwaza bila tatizo lake amejifunza umbo tu.

3.0 Kile ambacho Video Hufundisha Vyema

Manufaa ya video katika ngazi hii ni ya kweli. Utafiti wa John Sweller na Graham Cooper wa mwaka 1985 kuhusu aljebra ulionyesha kwamba wanaoanza somo hujifunza vyema zaidi kwa kusoma mifano iliyotatuliwa kuliko kwa kuachwa wahangaike na maswali mengi peke yao. Sababu ni kwamba kumbukumbu tendaji ya binadamu ina kikomo: anayetafuta njia gizani hutumia nguvu zake zote katika kutafuta, na haimbakii nguvu ya kuielewa njia yenyewe. Somo la video ambalo mtaalamu anaandika msimbo huku akieleza ni mfano uliotatuliwa wenye sauti.

Video pia huonyesha mwendo, jambo ambalo kitabu hakiwezi. Kitabu huonyesha msimbo ulipofikia. Video huonyesha namna ulivyofika. Mtazamaji huona mtaalamu akisoma ujumbe wa kosa kutoka kwa kompaila, akirudi nyuma, akibadilisha jina la kitendaji, na akiligawa faili lililorefuka. Katika Swift Talk na Point-Free kuna sifa ya ziada, kwani watoaji ni wawili na somo huwa mazungumzo. Mmoja anapopendekeza njia, mwenzake huuliza kwa nini. Mazungumzo hayo hufichua sehemu ya hoja ambayo mhadhiri akiwa peke yake angeiruka.

Kozi ya CS193p nayo inatoa funzo la kimuundo. Katika toleo la mwaka 2020, mhadhiri aliunda pamoja na wanafunzi mchezo wa kulinganisha kadi uitwao Memorize, na akautumia kuieleza MVVM tangu mihadhara ya mwanzo. Hata hivyo, mihadhara ilikuwa nusu tu ya kozi. Kazi ya kwanza ilimtaka mwanafunzi kuujenga upya msimbo wa mhadhara kwa mkono wake na kuubadilisha. Baada ya hapo alitakiwa kuunda mchezo mwingine, Set, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila msimbo wa kuiga. Mtu anayetazama mihadhara hiyo na kuziacha kazi hizo hajaifuata kozi ya Stanford, bali amefuata nusu yake iliyo nyepesi.

4.0 Kile ambacho Video Hukificha

4.1 Wepesi unaodanganya

Mwaka 2018, Michael Kardas na Ed O'Brien walichapisha utafiti kuhusu watu waliotazama video za wengine wakitenda mambo yanayohitaji ustadi. Waliotazama mara nyingi zaidi waliamini zaidi kwamba wanaweza kutenda jambo hilo, lakini walipojaribu, utendaji wao haukuongezeka kwa kiwango cha imani yao. Utazamaji ulikuza kujiamini bila kukuza uwezo.

Katika usanifu wa programu hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu kosa halionekani papo hapo. Anayekosea sarufi huzuiwa na kompaila dakika ileile. Anayekosea usanifu hupata programu inayofanya kazi leo, na huanza kuumia miezi kadhaa baadaye, pale kila badiliko dogo linapolazimisha kugusa mafaili mengi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa usanifu huwa umefunikwa na rangi nzuri ya skrini.

4.2 Njia zilizoachwa

Kabla ya kurekodi, mtoa somo kwa kawaida huwa amekwisha kujaribu njia kadhaa na kuziacha. Kinachobaki kwenye video ni njia moja iliyonyooka. Kwa anayejifunza sarufi, kuondolewa kwa njia hizo ni msaada. Kwa anayejifunza usanifu ni hasara, kwa kuwa ujuzi anaoutafuta umo katika sababu za kuziacha njia nyingine.

Hapa ndipo panapojitokeza kile ambacho Slava Kalyuga na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2003, walikieleza kuwa ni kugeuka kwa athari ya mwongozo kadiri ujuzi unavyokua: maelezo ya kina yanayomsaidia anayeanza huweza kumzuia aliyekwisha kupiga hatua. Mwanafunzi wa kiwango cha juu anayeendelea kufuata video mstari kwa mstari anatumia dawa ya ngazi aliyokwisha kuivuka.

4.3 Kuzeeka kwa masomo

Swift imebadilika kwa kasi. Toleo la 3 la mwaka 2016 lilibadilisha majina ya vitendaji vingi kiasi kwamba msimbo wa awali haukukubalika tena bila kurekebishwa. Mwaka 2019 ilikuja SwiftUI, iliyobadilisha namna ya kuunda skrini. Toleo la 5.5 la mwaka 2021 lilileta manenomsingi async na await pamoja na akta. Mwaka 2023 ulikuja mfumo mpya wa kufuatilia mabadiliko ya data, na toleo la 6 la mwaka 2024 likawezesha kompaila kukataa msimbo unaoweza kuleta mgongano wa data.

Video haihaririki kwa urahisi kama maandishi. Somo la mwaka 2019 bado linatazamwa likiwa na sauti ileile ya uhakika. Mwanafunzi anayekariri msimbo hupoteza kila toleo linapobadilika. Aliyeshika swali ambalo msimbo ulikuwa ukilijibu hubaki na mtaji wake.

5.0 Mfano: Programu ya Kikundi cha Kuweka na Kukopa

Tofauti kati ya kuelewa video na kuweza kusanifu hubainika katika mfano. Ichukuliwe programu ya kubuni ya kikundi cha kuweka na kukopa, ambamo wanachama huweka michango, huomba mikopo na hutazama salio.

Hatua ya kwanza inahusu aina. Muundaji anaweza kuwakilisha hali ya mkopo kwa vigeu vitatu vya ndiyo au hapana: umeidhinishwa, umekataliwa, umelipwa. Vigeu vitatu huzaa michanganyiko 8, lakini kikundi kinatambua hali 4 tu: umeombwa, umeidhinishwa, umekataliwa na umelipwa. Michanganyiko 4 inayobaki haina maana. Kwa mfano, mkopo uliokataliwa na kulipwa kwa wakati mmoja. Aina ya enamu katika Swift inaruhusu kuzitaja hali 4 peke yake, na kompaila humlazimisha muundaji kushughulikia kila moja. Video nyingi hufundisha enamu. Kile ambacho mwanafunzi hana budi kukigundua mwenyewe ni kwamba katika programu yake kuna mahali inapohitajika.

Hatua ya pili inahusu mahali pa ukweli. Salio la mwanachama linaonekana kwenye skrini ya orodha na kwenye skrini yake binafsi. Katika Swift, muundo ni aina ya thamani, hivyo unapopokezwa hunakiliwa. Kila skrini ikitunza nakala yake, mchango mpya utaonekana upande mmoja na kukosekana upande mwingine. Mhazini atasoma salio moja na mwanachama lingine. Suluhisho ni kuwa na chanzo kimoja cha ukweli ambacho skrini zote mbili hukisoma. Hiki ndicho kiini cha MVVM na cha ruwaza nyingine zilizotajwa, na hueleweka haraka zaidi kwa aliyewahi kuona salio mbili zikikinzana.

Hatua ya tatu inahusu utendaji sambamba. Akta ni aina inayolinda data yake, kwa kuhakikisha kwamba kazi moja tu inaigusa kwa wakati mmoja. Mtazamaji anaweza kuhitimisha kwamba akiliweka salio ndani ya akta, fedha ziko salama. Hitimisho hilo si sahihi. Ichukuliwe kwamba salio ni shilingi 50,000. Ombi la kwanza la kutoa 40,000 linakagua salio, linaona linatosha, kisha linasubiri uthibitisho wa seva kwa await. Wakati linasubiri, akta iko huru kupokea kazi nyingine. Ombi la pili la kutoa 30,000 linaingia, linakagua salio ambalo bado ni 50,000, nalo linapita. Seva ikithibitisha maombi yote mawili, salio linakuwa hasi 20,000.

Hakuna mgongano wa data uliotokea, na kompaila ya toleo la 6 haitalalamika. Kosa liko katika kudhani kwamba hali ya kabla ya kusubiri ndiyo hali ya baada ya kusubiri. Marekebisho yanawezekana kwa kupunguza salio kabla ya kusubiri na kulirejesha iwapo seva itakataa, au kwa kulikagua upya baada ya jibu kufika. Uchaguzi kati ya njia hizo mbili hauamuliwi na Swift. Unaamuliwa na kanuni za kikundi: je, fedha inayosubiri uthibitisho ihesabiwe kuwa imetoka? Swali hilo ni la usanifu, na hakuna video inayoweza kulijibu kwa niaba ya muundaji.

6.0 Masharti ya Kuifanya Video kuwa Karakana

Kutokana na maelezo hayo, masharti manne yanaweza kubainishwa.

Kwanza, kutazama kwa vipande. Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin, katika utafiti wao wa mwaka 2014 uliochambua vipindi milioni 6.9 vya utazamaji katika jukwaa la edX, walibaini kwamba muda wa kati wa usikivu haukuzidi dakika 6, hata video ilipokuwa ndefu. Mhadhara wa saa nzima haupaswi kumezwa kwa mkupuo mmoja.

Pili, kutabiri kabla ya kuona. Mtoa somo anapotaja tatizo, mwanafunzi husimamisha video na kuandika uamuzi wake pamoja na sababu. Kisha hulinganisha. Pale alipotofautiana na mtaalamu ndipo penye somo, awe amekosea au la. Kwa njia hii zile njia zilizoachwa hurudishwa mezani.

Tatu, kujenga upya video ikiwa imefungwa. Kuandika msimbo huku ukiutazama ni kunakili. Kuuandika siku inayofuata bila kuutazama hudhihirisha kipi kilichobaki na kipi kilichopita tu mbele ya macho.

Nne, kubadilisha sharti. Mwanafunzi huichukua programu ya somo na kuiongezea hitaji ambalo mtoa somo hakulifikiria: ifanye kazi bila intaneti, au itumiwe na watu wawili kwa wakati mmoja. Idadi ya mafaili yanayoguswa ili kulitimiza hitaji hilo ni kipimo cha wazi cha ubora wa usanifu, na mwanafunzi anaweza kukitumia bila mwalimu.

7.0 Usanifu na Suala la Vifaa

Kizuizi kinachotajwa mara kwa mara ni gharama. Xcode, chombo kikuu cha kuundia programu za iPhone, hufanya kazi katika kompyuta za Mac pekee, na kusambaza programu kupitia App Store hugharimu dola 99 za Marekani kwa mwaka. Kwa wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, ambako simu za Android ndizo zilizoenea zaidi, masharti hayo ni mazito.

Hata hivyo, usanifu wenyewe unafungua sehemu ya njia. Swift inapatikana katika Linux, na tangu toleo la 5.3 la mwaka 2020 inapatikana rasmi katika Windows. SwiftUI haipo katika mifumo hiyo, lakini kanuni za kikundi cha akiba, yaani hali za mkopo, hesabu ya salio na ulinzi wa utoaji fedha, hazihitaji skrini. Zikiwa zimetenganishwa ipasavyo na mwonekano, zinaweza kuandikwa na kufanyiwa majaribio katika kompyuta yoyote ya kawaida. Zisipoweza, mwanafunzi amepata ushahidi kwamba modeli yake imefungamana na skrini. Hivyo, ukosefu wa Mac unaweza kuwa mtihani wa swali la tatu la usanifu: sehemu ipi inajua kuwepo kwa sehemu ipi?

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba masomo ya video yana nafasi halali katika ujifunzaji wa Swift ya kiwango cha juu. Huonyesha mwendo wa kazi, hupunguza mzigo wa anayeanza, na huwaleta mafundi wazoefu karibu na walio mbali. Wakati huohuo, video hukuza kujiamini kuliko uwezo, huficha njia zilizoachwa, na huzeeka pamoja na matoleo ya lugha. Pengo hilo halizibwi kwa kuongeza idadi ya video. Huzibwa kwa kumrudishia mwanafunzi kazi ya kuamua, kwa kutabiri, kujenga upya na kubadilisha masharti. Kwa watathmini wa kozi na miradi ya wanafunzi, matokeo yake ni ya moja kwa moja: programu inayofanya kazi si ushahidi wa kutosha wa ujuzi wa usanifu. Mtahiniwa aulizwe ni njia zipi alizoziacha, kwa nini, na ni sehemu ipi ya programu itakayolazimika kubadilika iwapo hitaji moja litabadilika.